Besi, panya wa mpira na chura wa kandambili: Mambo ya kumfundisha mwanao kabla ya kutupa ndoana

Fungua kisanduku cha mvuvi wa besi mbele ya mtoto, naye ataanza kucheka. Ndani atakuta panya wa mpira mwenye mkia, kifaranga cha bata chenye miguu inayozunguka, chura mwenye miguu ya nyuzi, mnyoo wa zambarau ambao hajawahi kuuona shambani, na kipande cha mbao kilichochongwa mfano wa mdudu asiyekuwepo duniani. Kicheko kikiisha, litafuata swali ambalo hata watu wazima hujiuliza: ni samaki gani huyu anayekula panya?

Usilipuuze swali hilo. Mtoto akipata jibu lake, atajua namna ya kumvua besi bila kununua vitu vya bei ghali. Atajua pia wakati ambao haifai kumvua kabisa.

Besi ni nani?

Besi mwenye mdomo mkubwa ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, na asili yake ni Amerika Kaskazini. Mgongo wake ni wa kijani, ubavuni ana mstari mweusi, na mdomo wake ni mpana kiasi kwamba ukifungwa, taya la juu hufika nyuma ya jicho. Huku kwetu anajulikana zaidi Naivasha, ambako alipandikizwa ziwani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Hakuzaliwa Bonde la Ufa, lakini vizazi vingi vya wavuvi wa hapo vimekua vikimjua.

Besi si samaki wa kukimbizana na chakula mbali. Hujificha kwenye kivuli cha mafunjo, chini ya magugu yanayoelea au kando ya kisiki kilichozama, akingoja kitu kipite. Kikipita, hufungua mdomo ghafla, maji yakaingia kwa nguvu na kile kitu kikaingia nayo. Haya yote humalizika kabla hujapepesa jicho.

Mwindaji wa namna hiyo hana muda wa kuchagua. Kama kitu kinatosha mdomoni na kinaonekana kuwa hai, kinaweza kuliwa: samaki wadogo, kamba, kereng'ende, chura, panya aliyeteleza kutoka ukingoni, hata kifaranga cha ndege. Kwa hiyo yule panya wa mpira si mzaha. Kuna mtu aliyemwona panya wa kweli akiogelea, kisha akaona maji yakipasuka na panya hayupo tena.

Haumi kwa njaa tu

Wengi hudhani samaki huuma ndoana kwa sababu ana njaa. Kwa besi, njaa ni sababu moja tu kati ya kadhaa.

Sababu ya pili ni kushtuka. Kitu kikimpita karibu na uso kwa kasi, anaweza kukidaka hata kama ametoka kula, kama paka anavyorukia kamba inayoburutwa sakafuni.

Sababu ya tatu ni udadisi. Samaki hana mikono. Akitaka kujua kitu ni nini, njia aliyo nayo ni kukitia mdomoni, kama mtoto anayetambaa. Kila mzazi aliyewahi kutoa kifungo cha shati mdomoni mwa mtoto wa miezi 8 anaielewa tabia hiyo.

Sababu ya nne ni hasira, na inatokana na ulezi. Tutairudia baadaye, kwa sababu ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Mvuvi anayezijua sababu hizi haoni tena ajabu katika kile kisanduku. Panya ni wa kumvuta mwenye njaa, kitu kinachopita kasi ni cha kumshtua aliyeshiba, na umbo lisilofanana na chochote ni la kumchokoza mdadisi.

Vyambo vilivyozaliwa nyumbani

Mtoto anayeamini kwamba vitu vizuri hutoka dukani peke yake, msimulie asili ya vyambo hivi.

James Heddon alikuwa mfugaji nyuki katika mji wa Dowagiac, jimbo la Michigan, Marekani. Inasimuliwa kwamba siku moja alikaa kando ya bwawa la kinu akimngoja rafiki, huku akichonga kijiti kwa kisu. Alipokitupa majini, besi akaruka na kukipiga. Kuanzia hapo akachonga vyura wa mbao, na kufikia mwisho wa miaka ya 1890 alikuwa ameanza kazi iliyokuja kuwa kampuni kubwa ya vyambo.

Mnyoo wa plastiki, ambao leo unatumiwa kila mahali anakovuliwa besi, ulitoka jikoni. Mwaka 1949, mjini Akron, jimbo la Ohio, Nick Creme na mkewe Cosma walifanya majaribio ya kuyeyusha plastiki laini na kuimimina katika kalibu yenye umbo la nyungunyungu. Walitaka mnyoo unaonesa kama wa kweli lakini hauozi. Walipoupata, wakaanza kuuuza kwa njia ya posta.

Nchini Finland, Lauri Rapala alikuwa mvuvi maskini mwenye familia kubwa. Akiwa ziwani aliona kwamba samaki wakubwa hawalifukuzi kundi zima la samaki wadogo. Humwendea yule mmoja anayeyumba kama mgonjwa. Mwaka 1936 alichonga samaki wa gome laini linaloelea, akamvisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, kisha akamfunika kwa negativu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasipenye. Samaki huyo aliyumba kama mgonjwa. Rapala hakumchonga kwa ajili ya besi, lakini alipofika Marekani, wavuvi wa besi walimgombania.

Na kuna George Perry wa Georgia. Tarehe 2 Juni 1932, katika miaka ya dhiki kubwa ya uchumi, kijana huyu aliyekuwa akiitegemeza familia yake alikwenda kuvua na rafiki yake wakiwa na chambo kimoja tu kati yao. Alimnasa besi wa zaidi ya kilo 10. Samaki huyo alipimwa, akapelekwa nyumbani, akapikwa na kuliwa na familia. Rekodi yake haikufikiwa hadi mwaka 2009, Manabu Kurita alipovua besi wa uzito unaokaribiana mno na huo katika Ziwa Biwa, Japani, na wote wawili wakahesabiwa sawa.

Heddon na Rapala waliangalia kwanza, kisha wakachonga. Kuangalia ni kazi ambayo mtoto wa miaka 9 anaiweza kuliko sisi tunaokwenda ziwani huku simu ikiita mfukoni.

Mbinu tano zinazoonekana kinyume

Hapa ndipo unapoweza kumpa mtoto mafumbo. Mweleze mbinu, mwache abuni sababu, kisha mwambie jibu.

*Mnyoo aliyetobolewa kiunoni.* Kwa kawaida ndoana hupitishwa kichwani mwa mnyoo wa plastiki. Lakini baadhi ya wavuvi huupitisha katikati kabisa, ukabaki kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Unaonekana umekosewa. Sababu: ukizama polepole, ncha zote mbili hutetemeka kwa pamoja, na besi aliyezoea kuona chambo kikivutwa huona kitu kinachoanguka chenyewe.

*Chambo cheusi usiku.* Akili inasema usiku utumie kitu cheupe kinachong'aa. Wavuvi wengi wa usiku hutumia cheusi. Sababu: samaki anakitazama kutoka chini, na anga, hata bila mbalamwezi, lina mwanga kuliko maji. Jaribuni nyumbani jioni: mtoto alale chali uani, wewe inua kitambaa cheupe na cheusi juu yake. Atakuambia mwenyewe ni kipi chenye umbo lililo wazi zaidi.

*Mwavuli wa samaki watano.* Huu ni waya uliogawanyika kama mbavu za mwavuli, kila ubavu ukiwa na samaki wa bandia, hivyo mvuvi mmoja huburuta kundi zima. Oktoba 2011, Paul Elias alishinda mashindano makubwa katika Ziwa Guntersville, jimbo la Alabama, kwa mbinu hii. Mwaka uliofuata ilipigwa marufuku katika baadhi ya mashindano ya juu ya besi nchini humo. Muulize mtoto: je, ilikuwa haki kuipiga marufuku? Mjadala huo unaweza kuwafikisha nyumbani bila kuchoka.

*Kamba anayerudi nyuma.* Kamba wekundu wa maji yasiyo na chumvi waliletwa Naivasha mwaka 1970, nao wakawa chakula cha besi. Anayeiga kamba hafai kuvuta chambo kwa mwendo mmoja. Kamba akiogopa hupiga mkia na kuruka kinyumenyume karibu na chini, hutulia, kisha huruka tena. Vuta kidogo, ngoja, vuta. Mara nyingi besi huuma wakati wa kungoja, na hapo ndipo mtoto asiye na subira hujifunza faida yake.

*Rangi ambazo ni za wanunuzi.* Madukani kuna vyambo vya rangi zisizohesabika. Utafiti uliofanywa Illinois na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafunza besi kuchagua rangi ili wapewe chakula. Walitambua nyekundu vizuri sana, na kijani vizuri pia. Lakini walichanganya njano ya kijani kinachong'aa na nyeupe, na bluu na nyeusi. Basi mtoto akililia chambo cha bluu wakati cheusi kipo, unalo jibu.

Tengenezeni chura wa kandambili

Kandambili iliyokatika hufaa kwa kazi hii, kwa kuwa sponji yake huelea na hukatika kirahisi. Kazi ya kisu na gundi iwe ya mtu mzima. Mtoto achore, achague rangi na afunge nyuzi.

Kata kipande cha urefu wa kama sentimita 4 na upana wa 2. Chonga upande mmoja uwe butu kama uso wa chura, na mwingine uchongoke kidogo. Chini yake, pasua mfereji mwembamba wa urefu wote. Zungushia uzi kwenye shina la ndoana ili gundi ipate pa kushika, kisha lilaze ndani ya mfereji, ncha ya ndoana ikielekea juu nyuma ya chura, na ubandike kwa gundi isiyoyeyuka majini. Kwa miguu, kata vipande viwili vyembamba vya tyubu ya baiskeli, uvipitishe nyuma na kuvifunga. Macho ni vitone viwili vya rangi.

Kabla ya kwenda popote, bana kile kijino cha ndoana kwa koleo hadi kilale. Ndoana isiyo na kijino hutoka kirahisi kwenye mdomo wa samaki, na kwenye kidole cha mtoto pia.

Mjaribuni kwenye beseni. Akielea kichwa chini, punguzeni sponji nyuma au mbadilishe ndoana iwe nyepesi. Mtoto atakosea mara mbili tatu. Mwache akosee, kwani beseni halina gharama.

Mazoezi ya kurusha yafanyike uani kwa chura asiye na ndoana. Wekeni sufuria umbali wa hatua 10 na mshindane nani atamtumbukiza ndani. Mtoto asiyeweza kulenga sufuria hajawa tayari kushika ndoana karibu na uso wa mdogo wake.

Usalama hauna mjadala

Naivasha ina viboko. Usimsimamishe mtoto ukingoni penye mafunjo, hasa alfajiri na jioni wanapotoka kulisha na kurudi majini. Nendeni kwa boti yenye nahodha anayelijua ziwa, na kila mmoja, pamoja na wewe unayejua kuogelea, avae jaketi la kuokolea maisha tangu nchi kavu.

Kofia na miwani si urembo. Ndoana inayorudi kwa kasi haichagui pa kutua. Anayerusha atazame nyuma yake kwanza, aseme kwa sauti kwamba anarusha, ndipo arushe. Ikitokea ndoana imeingia karibu na jicho, usiivute; funika bila kukandamiza na mkimbizeni hospitalini. Ikiingia kidoleni, mpelekeni kituo cha afya itolewe, na muulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Ulizeni pia kuhusu kibali cha uvuvi na kama ziwa limefunguliwa. Kuna vipindi ambavyo uvuvi husimamishwa ili samaki waongezeke. Mtoto anayekuona ukiuliza kibali anajifunza jambo ambalo hakuna mahubiri yatakayomfunza.

Baba anayelinda kiota

Sasa turudi kwenye ile hasira.

Kwa besi, mlezi ni baba. Dume hufagia mduara kwenye sakafu ya maji ya kina kifupi kwa mkia wake. Jike hutaga na kuondoka. Dume hubaki, akiyapepea mayai ili yapate hewa na kumfukuza kila anayekaribia. Yakishaanguliwa, huendelea kuwalinda watoto, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Katika muda huo hula kidogo sana.

Wavuvi waligundua zamani kwamba dume huyu huuma karibu chochote kinachoangushwa kiotani mwake, hata akiwa hana hamu ya kula. Vyambo vyenye umbo la mjusi wa majini au samaki mdogo mwizi wa mayai viliundwa kwa ajili yake. Vinanasa sana, lakini dume akiondolewa, hata kwa dakika chache, samaki wengine huvamia mayai na watoto.

Utafiti wa Marekani unaonyesha kwamba hasara haiishii kwenye kiota kimoja. Katika Ziwa Ridge, Illinois, watafiti waliwatenga besi walionaswa mara nyingi na wale waliokuwa wagumu kunaswa, wakazalisha kila ukoo peke yake kwa vizazi vitatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 20, yalionyesha kwamba wepesi wa kunaswa hurithiwa. Mwaka 2012 ukachapishwa utafiti mwingine juu ya koo hizo. Madume wepesi kunaswa ndio waliolinda viota kwa ukali zaidi na kupata watoto wengi zaidi.

Yaani anayetangulia kunaswa ni baba aliye bora. Anauma kwa sababu hataki kuondoka. Katika jimbo la Ontario, Kanada, sheria huweka kipindi cha kutomvua besi ili kuwalinda walio kwenye viota.

Mtoto mwerevu atauliza: kama besi ni mgeni Naivasha, tunamhurumia wa nini? Mjibu kwa ukweli. Besi akipelekwa pasipo pake anaweza kumaliza samaki wadogo wa asili, ndiyo maana mkoa wa Shiga nchini Japani, lilipo lile Ziwa Biwa, hauruhusu besi aliyevuliwa kurudishwa majini. Kwa hiyo kamwe msimbebe besi hai kwenye ndoo kumpeleka bwawa jingine, hata la mjomba. Lakini kama ziwa litakuwa na besi wachache au wengi, hilo huamuliwa na wenye mamlaka na wavuvi wanaolitegemea, kwa mpango na sheria. Haliamuliwi na familia iliyokwenda kujifurahisha Jumamosi na kuona kiota chepesi.

Besi mkubwa asiye kiotani, mliyemvua kihalali, mkaamua kumla, mleni bila majuto. Perry na familia yake walimla wa kilo 10. Kama mnamrudisha pale alipotoka, na kanuni za hapo zinaruhusu, lowesheni mikono kwanza ili ute wa ngozi yake usitoke, msimkalishe nje ya maji kwa picha 20, na mshikeni majini hadi aondoke mwenyewe.

Na mkiona kwenye maji mafupi mduara uliofagiliwa, na juu yake samaki mmoja ambaye hakimbii hata boti ikisogea, mwonyeshe mwanao kidole pale. Mwambie ni nani yule na anafanya nini. Kisha mwambie nahodha asogeze boti, mkatupe chura wenu mahali pengine.